Jiwe Lililookoa Nyasi

Jiwe shambani huvunja jembe, nasi tumezoea kuling'oa. Katika vilima vya Flint Hills, jimboni Kansas, Marekani, tulijifunza kulishukuru.

Tulikuwa akina mama na watoto, tukiongozwa na mhifadhi ndani ya Tallgrass Prairie, hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1996. Alituonyesha mawe ya chokaa yenye maganda ya viumbe wa baharini, kwani zamani sana bahari ilifunika nchi hii. Ndani ya chokaa hiyo mna gumegume, jiwe gumu mno. Kwingine wakulima walilima karibu mbuga zote. Hapa jembe lilishindwa, watu wakafuga ng'ombe. Kwa hiyo nyasi ndefu zimesalia. Kati ya mbuga za aina hii zilizokuwa Amerika Kaskazini, hazijabaki hata asilimia 4.

Watoto waliuliza kwa nini mbuga huchomwa moto. Usipochomwa, miti huvamia na kuziua nyasi kwa kivuli. Nyasi zenyewe hazifi, maana mizizi yake hushuka mita 2 na zaidi. Huchipua upya, na baisoni, jamaa wa nyati waliorudishwa hapa mwaka 2009, huja kula machipukizi.

Mama mpendwa, ukienda na watoto, beba maji ya kutosha. Wachomekee suruali ndani ya soksi, na mkirudi wakague kupe, hasa nyuma ya masikio na kwapani. Baisoni watazameni kwa mbali, angalau mita 100.