Isukuti: Kuhifadhi si Kuhuisha

Isukuti ni ngoma ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, magharibi mwa Kenya. Katika fasihi simulizi huwekwa chini ya maigizo, kwa kuwa ina watendaji, maleba, ala, uwanja na hadhira. Jina lake limetokana na ala yenyewe: ngoma tatu, kubwa, ya wastani na ndogo, zipigwazo pamoja na kusindikizwa na pembe ya swara na njuga. Kiongozi huanzisha wimbo, wachezaji wakaitikia.

Mwaka wa 2014, UNESCO iliiingiza katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Mafundi wengi walikuwa wamezeeka bila warithi, fedha na vifaa vya kutengenezea ala na maleba vilikuwa adimu, na hadhira ilivutiwa na burudani za kisasa.

Je, kuirekodi kunatosha? La. Rekodi huhifadhi sauti na miondoko, ilhali isukuti huishi katika muktadha: kuzaliwa kwa mtoto, jando, arusi, mazishi. Fanani huyafinyanga maneno kulingana na tukio na waliohudhuria. Nafasi hiyo ikiondolewa, kinachosalia ni onyesho lililokaririwa. Kuihuisha, basi, ni kumweka kijana kando ya mzee katika shughuli halisi hadi aweze kuongoza mwenyewe.

Mtahiniwa aulizwapo njia za kufufua maigizo, asiishie kutaja kurekodi. Aeleze kila njia inaokoa nini: matini, utendaji au muktadha.