Kilo Zinazobeba na Kilo Zinazobebwa (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulieleza jinsi misuli inavyojengwa kwa protini, na jinsi kazi nzito inavyoushtua mwili uanze ujenzi huo. Leo tunafika kwenye swali ambalo vijana wa Bwegera, Luvungi na Sange wanaulizana sana: je, mtu mwembamba anenepe kwanza ndipo apate nguvu?

Nenda Bwegera, kando ya Barabara ya Taifa namba 5, muhogo unapopakiwa kwenda Uvira au Bukavu, umtazame mchukuzi anayepokea gunia. Hakurupuki. Anatanua miguu, anachuchumaa kidogo, analiacha gunia limkalie kati ya shingo na bega, kisha anainuka kwa nguvu ya mapaja, mgongo umenyooka. Mara nyingi mtu huyo si mnene hata kidogo. Nguvu yake inatoka mahali pawili. Kwanza ni ukubwa wa misuli, maana msuli mpana huvuta kuliko mwembamba. Pili ni mishipa ya fahamu: ubongo uliozoea kazi huziamrisha nyuzi nyingi za msuli zivute kwa pamoja. Ndiyo maana anayeanza uchukuzi huona mzigo umekuwa mwepesi baada ya wiki chache, kabla mikono yake haijanenepa.

Uzito basi hausaidii? Unasaidia, tena sana, kwa yule aliyekondeshwa na njaa. Mwili usioshiba haujengi. Hubomoa misuli yake wenyewe ili upate nishati ya kuishi. Mtu wa namna hiyo lazima aongeze kilo. Lakini lazima pia tuulize kilo hizo zimetokana na nini.

Watafiti wa Louisiana, Marekani, waliwalisha watu 25 kupita mahitaji yao kwa wiki 8, bila kuwapa mazoezi ya nguvu, na matokeo yakatangazwa mwaka 2012. Wote waliongeza mafuta karibu sawa. Tofauti ilijitokeza kwingine. Waliopewa protini kidogo sana walipoteza kama gramu 700 za mwili usio mafuta, ilhali waliopewa protini ya kawaida waliongeza karibu kilo 3 za mwili huo. Yaani uzito wa mtu unaweza kupanda kwenye mizani huku nyama yake inapungua.

Hapo ndipo bugali wetu unapohusika. Gramu 100 za unga wa muhogo zina protini gramu 1 au 2 tu. Ndagala waliokaushwa, kwa uzito uleule, wana zaidi ya gramu 50. Karanga zina 25 hivi, maharage makavu 20 hivi. Sombe iliyotiwa karanga si haba. Anayetafuta nguvu asiongeze bonge la bugali, aongeze ndagala. Kijana wa kilo 60 anayefanya mazoezi mazito hutosheka na protini gramu 96 hivi kwa siku, yaani gramu 1.6 kwa kila kilo yake. Akiwa mwembamba, apande kama robo kilo kwa wiki. Akikimbilia zaidi ya hapo, sehemu kubwa itakuwa mafuta, na mafuta hayainui gunia; yanabebwa pamoja nalo.

Sisi wa Kivu tunao ushahidi mchungu zaidi kwamba kilo si nguvu: bwaki, yaani utapiamlo mkali unaovimbisha mwili. Uso wa mtoto umevimba, miguu imejaa maji, na mizani inaweza kumdanganya mama, kumbe misuli ya mikono imekwisha. Akianza kutibiwa vizuri, uzito wake hushuka kwanza, kwa sababu maji yanatoka.

Na hapa naomba nisikilizwe vizuri, hasa na dada zetu. Vidonge vya kunenepesha vinavyonunuliwa bila karatasi ya daktari, deksametazoni na siproheptadini, vimeenea nchini hata watafiti wa Kinshasa wamevichunguza. Siproheptadini ni dawa ya mzio. Huleta hamu ya kula, na usingizi pia. Deksametazoni ndiyo ya kuogopwa zaidi. Uso unakuwa wa mviringo, tumbo linajaa, majirani wanasifu, na wakati huohuo dawa inakula misuli, hasa ya mapaja. Mtu anayeonekana amenawiri anashindwa kuinuka kwenye kigoda bila kushika kitu. Sukari ya damu nayo inaweza kupanda.

Aliyetumia deksametazoni kwa muda mrefu asiikatize ghafla. Tezi zilizo juu ya figo zimelala kwa sababu ya dawa hiyo, na kuiacha mara moja kunaweza kumwangusha, hata kumwua. Aende kituo cha afya na vidonge vyenyewe mkononi, aseme ametumia vingapi na tangu lini, apunguziwe hatua kwa hatua.

(Itaendelea)