Mjomba Ndiye Mwenye Neno: Maisha ya Waluguru wa Mkuyuni

Katika vijiji vya Mkuyuni, mashariki mwa milima ya Uluguru, mtu akiulizwa ukoo wake hutaja ukoo wa mama. Baba anaheshimiwa, analea, na mara nyingi ndiye anayehangaika na sare na madaftari ya shule, lakini mtoto hahesabiwi kwenye ukoo wake. Shamba, tambiko na makaburi ya wazee viko kwa mama. Asiyelijua hilo atashangaa kwa nini Mluguru analima hapa na kukataa kupanda mnazi pale, na hatajua kwa nini mwaka 1955 watu wa milima hii waligombana na serikali ya Mwingereza kwa sababu ya matuta.

Wageni wengi huteleza hapa mwanzoni kabisa. Wakisikia kwamba ukoo unafuata mama, hudhani wanawake ndio wanaotawala. Mwenye neno hasa ni mjomba, kaka wa mama. Ndiye anayeketi kusikiliza posa ya mpwa wake, ndiye anayepata fungu lake katika mahari, na ugomvi wa mipaka ukizuka ndiye anayeitwa. Hata hivyo, mjomba hana madaraka yake mwenyewe; ameyapata kwa kuwa alizaliwa na mwanamke wa ukoo ule. Watoto wake hawatamrithi. Watakaomrithi ni watoto wa dada yake, na dada huyo akiwa mtu mzima wa makamo, hakuna kikao cha ukoo kinachomruka.

Mkuyuni iko kwenye barabara inayotoka Bigwa, Morogoro mjini, kupitia Kiroka, na kuendelea Matombo hadi Kisaki. Upande wa juu ni milima: kilele cha Kimhandu kina mita zipatazo 2,630 juu ya usawa wa bahari, na misitu yake inalindwa kama hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 2008. Mteremko huu wa mashariki unatazamana na pepo za Bahari ya Hindi, kwa hiyo hunyeshewa zaidi kuliko upande wa Mgeta, magharibi mwa milima. Mito inayoshuka kutoka huku ndiyo inayoujaza Ruvu, na Ruvu ndio unaonywewa Dar es Salaam. Mkazi wa Kimara anayefungua bomba asubuhi ana deni kwa Mluguru, ingawa wachache wanalikumbuka.

Mvua hiyo ndiyo inayopanga siku za watu. Vuli na masika zote mbili zinalimiwa, na shamba moja hubeba mambo mengi kwa pamoja: mahindi, muhogo, mpunga wa mlimani usiohitaji majaruba, migomba juu yake, na magimbi mahali penye unyevu. Kwenye mteremko mkali mkulima huanza chini akipanda, uso ukiuelekea mlima. Mpunga ukianza kutoa masuke, kazi inahamia kwa watoto na bibi zao. Kuna kibanda cha kuamia ndege, kuna kombeo, kuna mabati ya kugonga, na kelele zisizokoma kuanzia alfajiri mpaka jua linapozama. Walimu wa shule za msingi wanaujua msimu huo kwa kuangalia madawati.

Matunda ndiyo fedha. Kutoka Kinole na vijiji vingine vya juu, ndizi, mananasi na machungwa hushushwa kichwani, siku hizi na kwa bodaboda pia, hadi barabarani yanakosubiri malori. Msimu wa mafenesi una adabu yake. Anayepasua fenesi hujipaka kwanza mafuta ya kula viganjani na kwenye kisu, la sivyo ulimbo utamganda vidole vikanasana hata sabuni isifue dafu. Anaanza kwa kuligawa kwa urefu, anakata ule moyo mweupe wa katikati, ndipo anageuza ganda kwa nje ili vitumba vya njano vijitokeze vyenyewe. Kokwa zinaweza kuwekwa pembeni, zikachemshwa na kuliwa.

Ardhi yote hii, kwa desturi, ilikuwa chini ya koo. Ukoo mkubwa hugawanyika katika matawi, na kila tawi lina mkuu wake anayejua ni bonde lipi la nani. Mgeni aliyetaka kulima, au hata mume aliyekuja kuishi upande wa mke wake, aliomba kwa mkuu huyo na kutoa ngoto: kitu kidogo, mazao kiasi au pombe, ishara ya kukubali kwamba shamba ni la watu. Aliruhusiwa mahindi, maharage, muhogo. Miti ya kudumu hakuruhusiwa, maana mnazi au mwembe unaishi kuliko aliyeupanda, na watoto wa aliyeupanda watakuja kusema shamba ni lao. Kuoa binti wa mjomba au wa shangazi kulipendwa kwa sababu hiyo hiyo. Baba aliyetamani kuwaachia wanawe kipande cha kulima alijua kwamba kwa ndoa ya namna hiyo ardhi itarudi ukooni baada ya kizazi kimoja, bila kesi.

Juu ya wakuu wa koo palikuwa na watu waliosikika mbali zaidi kwa sababu ya mvua. Maarufu kuliko wote ni Kingalu wa Kinole, jirani kabisa na Mkuyuni, wa ukoo wa Wabena. Kingalu ni jina la cheo linalorithiwa, na wenyeji walimwendea mvua ilipochelewa. Uchifu ulifutwa kisheria mwaka 1963, ila jina halikufutika. Soko kuu la Morogoro mjini leo linaitwa Soko Kuu la Chifu Kingalu.

Kusini zaidi, upande wa Kolero, kulikuwa na pango la Kolelo, mzimu uliosemekana kuwa na umbo la nyoka. Wazaramo walisafiri kutoka karibu na pwani kwenda kuomba mvua na rutuba huko. Mwaka 1905, vuguvugu la Majimaji lilipokuwa likienea, zilisambaa habari kwamba Kolelo amekataza watu kulipa kodi ya Mjerumani. Wanahistoria wameandika mengi juu ya Kinjeketile wa Ngarambe na maji yake. Kolelo hutajwa kwa mstari mmoja au miwili, jambo ambalo ni hasara, maana habari zake zinaonyesha kwamba milima hii ilikuwa sehemu ya mazungumzo yale yale.

Miaka 50 baadaye ukaja mgogoro wa matuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni, ikihofia udongo wa Uluguru kuporomoka na kuijaza mito tope, iliamuru kila kaya ichimbe matuta ya ngazi kwenye miteremko. Asiyechimba alitozwa faini. Wakulima walikuwa na sababu zao za kuchukia. Kazi ilikuwa nzito na ilikula siku za kulima chakula. Tuta lenyewe lilifukia udongo mweusi wa juu na kuufunua ule mwekundu usiozaa. Na lilibeba hatari nyingine ambayo mabwana shamba hawakuielewa haraka: aliyechimba tuta la kudumu kwenye shamba la kuazima ameacha alama, sawa na aliyepanda mnazi. Shamba hilo litakuwa la nani kesho?

Julai 1955 umati ulikusanyika Matombo, mwendo mfupi kutoka Mkuyuni, kuyakataa matuta. Polisi walitumia mabomu ya machozi, kisha risasi, na mtu mmoja akauawa. Baada ya hapo mpango ule ulikufa. TANU ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu wakati huo, na miongoni mwa waasisi wake alikuwamo Mluguru, Patrick Kunambi. Si ajabu kwamba chama kilipata masikio milimani. Kinachochekesha kidogo ni kwamba upande wa Mgeta, ambako kuna baridi na soko zuri la kabichi na karoti, matuta ya ngazi yapo hadi leo, na hakuna aliyelazimishwa kuyatunza.

Kati ya mavuno na vuli, yaani kuanzia Juni, Mkuyuni ina kelele za aina nyingine. Ni msimu wa kuwatoa wali. Msichana aliyevunja ungo zamani aliwekwa ndani kwa muda mrefu, miezi na hata zaidi ya mwaka, akifundwa na kungwi juu ya mwili, ndoa, adabu kwa wakwe na siri za kike. Waluguru, kama Wazaramo na Wakwere, walikuwa na mwanahiti, kinyago kidogo cha kike kisicho na mikono, ambacho mwali alikitunza kama mtoto wake. Vinyago hivyo sasa vinaonekana zaidi kwenye makumbusho ya Ulaya kuliko majumbani. Shule imeupunguza muda wa kuwekwa ndani. Familia nyingi humweka mwali ndani wakati wa likizo tu. Siku ya kutolewa ndiyo haijapungua: anabebwa begani, amepambwa shanga na nguo mpya, noti zinabandikwa mwilini, na ngoma inakesha. Wajomba wanachangishwa hapo bila huruma. Malalamiko yapo pia, ya gharama na ya wasichana kuonekana tayari wa kuolewa wakati bado ni watoto, na malalamiko hayo ni ya haki.

Dini hazikuufuta ukoo. Misheni ya Kikatoliki ilifika Matombo mwishoni mwa karne ya 19, na Uislamu ulipanda kwa njia za biashara kutoka pwani, kwa hiyo msikiti na kanisa ni majirani. Mirathi ya Kiislamu humpa mtoto haki kwa baba yake. Desturi ya Kiluguru humpeleka kwa mjomba. Wenyeji wamelipitia hilo kama Waminangkabau wa Sumatra, Waislamu wanaofuata ukoo wa mama: mali aliyoichuma mtu kwa jasho lake inaweza kufuata sheria ya dini, lakini shamba la ukoo linabaki la ukoo.

Sasa kuna sheria ya tatu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inautambua umiliki wa kimila, inaruhusu uandikwe kwenye hati, na inampa mwanamke haki sawa na mwanamume. Wakati huo huo mazao yenye bei nzuri milimani ni ya viungo: karafuu, mdalasini, pilipili manga, iliki, vanila. Karafuu na mdalasini ni miti ya miaka mingi, ile ile ambayo mwazima shamba alikatazwa kuipanda. Kijana anayelima kwa baba yake, na kisheria anaweza kuandikiwa kipande hicho, anajikuta akiwahesabu binamu zake wa upande wa shangazi kabla hajachimba shimo la kwanza. Wengine hununua ardhi karibu na barabara ili waepuke maneno. Wengine huenda kwa mkuu wa ukoo wa baba na kuomba ruhusa mbele ya mashahidi, makubaliano yakiandikwa kwenye karatasi, na mjomba wa kila upande akitia sahihi.