Mtoto wa Farasi Anayetetemeka: Watazame Wazazi Wake

Wakulima wa mashamba ya makazi, huenda mkauliza kwa nini ukurasa wenu mwezi huu unazungumza juu ya farasi. Hapa Giakanja sisi ni watu wa kahawa, majani chai na ng'ombe wa maziwa, na mtu anaweza kukaa mwaka mzima asimwone farasi hata mmoja. Lakini ukipita Kiganjo ukaelekea Naro Moru na Nanyuki utawaona, na wako watu wetu wanaoajiriwa kuwatunza. Mara nyingine mtunzaji hupewa au huuziwa farasi jike, akaenda naye kwenye shamba lake, na hapo akafikiri kumzalisha.

Mzee mmoja wa namna hiyo alifika afisini kwetu na shida yake. Farasi wake jike ana damu ya Kiarabu, naye alipandishwa na dume la jamaa hiyo hiyo. Mtoto alizaliwa mzima, akanyonya, akakimbia. Alipofikisha kama miezi miwili akaanza kutikisa kichwa, kisha akawa anaanguka. Mzee alikuwa na hakika kwamba jirani amemtilia sumu, na alikuwa tayari kwenda kwa chifu. Tena alikuwa amekwisha kuagana na mwenye dume ampandishie jike yule mara ya pili, ili apate mtoto mwingine badala ya huyu. Daktari wa mifugo aliyemkagua alisema kwamba dalili zote ni za ugonjwa wa kurithi. Mzee hakukubali. Akauliza, "Mama ni mzima, baba ni mzima. Ugonjwa umerithiwa kwa nani?"

Swali hili ni jema, na jibu lake nitalieleza kwa maharagwe, kama nilivyofundishwa kueleza mambo darasani. Chukua mikebe miwili, mmoja wa baba na mmoja wa mama. Katika kila mkebe tia harage moja jeupe na moja jeusi. Jeupe ni urithi mzuri, jeusi ni urithi mbovu. Mnyama mwenye jeupe moja na jeusi moja huonekana mzima kabisa, kwa sababu jeupe linatosha kufanya kazi. Huyu tunamwita mbebaji. Sasa toa harage moja katika kila mkebe bila kutazama, uyaweke pamoja: huyo ndiye mtoto. Andika ulichopata, rudisha maharagwe, rudia mara nyingi. Utaona kwamba kwa wastani, katika kila watoto wanne, mmoja atapata meusi mawili naye atakuwa mgonjwa, wawili watakuwa wabebaji kama wazazi wao, na mmoja atakuwa safi.

Angalieni sana jambo la kurudisha maharagwe mkebeni. Kila mimba huanza upya. Wazazi wawili walio wabebaji wanaweza kuzaa watoto watatu wazima mfululizo, na mwenye mali akaapa kwamba damu yake ni safi. Au wanaweza kumzaa mgonjwa mara ya kwanza, kama yule wa mzee wetu.

Ugonjwa wenyewe hushika sehemu ya nyuma ya ubongo, iliyo ndogo, ambayo kazi yake ni kupima mwendo: mguu uinuliwe kiasi gani, kichwa kisimame wapi. Katika farasi wa Kiarabu wenye urithi huu mbovu, seli za sehemu hiyo hufa mapema. Kwa kawaida dalili huonekana kati ya wiki 6 na miezi 4. Mtoto hutetemeka kichwa, hasa anapokinyoosha kufikia chuchu au majani. Huinua miguu ya mbele juu mno kama askari wa gwaride. Husimama ametanua miguu. Akishtuliwa, au akirudishwa nyuma, huanguka. Ukipeleka mkono ghafla karibu na jicho lake hapepesi, ingawa anaona. Lakini hana homa, anakula, na nguvu za misuli anazo. Dawa hakuna. Wengine hukua na hali yao haizidi kuwa mbaya, lakini farasi wa namna hiyo si wa kupandwa na mtu, wala si wa kufungwa kwenye gari, maana akianguka anaweza kumwua mtu.

Upo mwingine katika farasi hao hao wa Kiarabu, mkali zaidi. Mtoto huzaliwa na manyoya ya rangi iliyofifia, ya fedha au ya zambarau nyepesi, hawezi kusimama, shingo inajipinda nyuma, miguu inapiga hewa. Haishi ila siku chache. Huyu tusimchanganye na mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa. Rangi ya manyoya ndiyo inayomtambulisha. Chanzo cha ugonjwa huu kilijulikana mwaka 2010, kwa kazi ya wataalamu wa Marekani na wa Onderstepoort, Afrika Kusini: ni kosa dogo katika jeni moja.

Basi usifanye haraka kusema "ni urithi" kila umwonapo mtoto anayetetemeka. Pepopunda humfanya akakamae. Kichaa cha mbwa huvuruga akili na mwendo. Sumu ipo kweli, na dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyoachwa wazi ni mojawapo. Katika farasi wa mbio, mtoto anayekua upesi mno kwa kulishwa nafaka nyingi anaweza kubanwa uti wa mgongo shingoni, akayumba miguu ya nyuma. Hapo urithi na lishe vyote vina sehemu. Kukosa majani mabichi kwa muda mrefu pia hudhuru mishipa ya fahamu ya watoto wenye urithi dhaifu. Kwa hiyo mwite daktari kwanza, na maneno ya chifu yangoje.

Kwa farasi wa Kiarabu, leo mwenye mali hana haja ya kubahatisha. Tangu mwaka 2008 Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis kimekuwa kikipima urithi wa ule ugonjwa wa kutetemeka. Kinachohitajika ni nywele za mkia au za shingo zilizong'olewa pamoja na mizizi yake. Zilizokatwa kwa mkasi hazifai. Gharama ipo, nami siifichi, lakini ilinganishe na miezi 11 ya kulisha jike mwenye mimba. Mbebaji akijulikana, asichinjwe wala asitupwe. Akipandishwa na aliye safi, hakuna mtoto atakayekuwa mgonjwa, ingawa nusu yao kwa wastani watakuwa wabebaji. Kosa ni kuwakutanisha wabebaji wawili. Mzee wetu alipoyasikia haya alivunja ile ahadi na mwenye dume.

Sasa wewe mwenye ng'ombe wawili wa Friesian, usigeuze ukurasa. Maharagwe ni yale yale. Uko ugonjwa wa kurithi wa Friesian ambao ndama huzaliwa mzima, na katika siku chache za kwanza huanza kusukuma ukuta kwa kichwa, hupofuka, hushikwa na kifafa na kufa. Huko Australia ulienea sana, na ulipofuatiliwa katika miaka ya 1980 ulirudi kwa fahali mmoja wa Marekani, Linmack Kriss King, aliyepelekwa kwa mbegu tu. Fahali hodari hupata watoto wengi, na wajukuu wake hukutana bila mtu kujua.

Na sisi hukutanisha kwa hiari yetu. Fahali wa kijiji humpanda binti yake, kwa kuwa yuko karibu na bei ni nafuu. Mtu wa A.I. naye akija, tunalipa, tunatupa karatasi. Mbegu zinazotoka Kabete, ambako kituo cha taifa kimekuwapo tangu 1946, zina jina na namba ya fahali kwenye mrija. Iandike namba hiyo katika daftari pamoja na tarehe na jina la ng'ombe, na ndama akizaliwa andika namba ya baba yake. Miaka miwili baadaye, ndama huyo akitaka kupandwa, msomee mtu wa A.I. namba ile na umwambie alete fahali mwingine.

Mtoto wa farasi au ndama akifa na dalili za ubongo, usimzike kabla ya kumwarifu Bwana Mifugo, kwa sababu maabara ya mifugo ya Karatina inaweza kuuhitaji ubongo. Lakini kichwa usikipasue wewe. Kama ilikuwa ni kichaa cha mbwa, mate na ubongo wake ni hatari kwako. Funika mzoga, zuia mbwa na watoto, ungoje.