Udongo Upi, Mwaka Gani?

Vijana ninaowafundisha Nyandira, kule juu Mgeta, wanalima kabichi, karoti na nyanya kwenye miteremko ya Uluguru, na karibu wote wana simu. Taarifa zimejaa tele. Kantangaze, mdudu wa nyanya aliyeingia nchini miaka ya 2010, kila mara huzuliwa dawa mpya kwenye makundi ya WhatsApp: leo majivu, kesho sabuni, keshokutwa chupa isiyo na lebo. Kinachonikosesha usingizi ni jinsi wanavyozipokea bila kuuliza.

Nikishuka mjini Morogoro hupakua maandishi ya Maktaba ya Taifa ya Kilimo ya Sokoine, pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA). Maktaba hiyo ina mkusanyiko wa mtandaoni uitwao Mkulima, wenye maandishi ya kilimo kwa Kiswahili, bure kwa yeyote. Nikirudi tunarushiana kwa simu, maana mtandao huku mlimani ni wa kubahatisha. Kabla ya kusoma, kila mmoja anaandika daftarini anachoamini. Akimaliza anaandika nani kasema, mwaka gani, kwa shamba la wapi, na kama amebadili mawazo, kwa nini.

Swali la mwaka huwashtua. Wamezoea kwamba neno la mtaalamu halina mwisho. Lakini wataalamu dunia nzima waliwahi kusifu dawa ya wadudu ya DDT mashambani. Mkataba wa Stockholm, ulioanza kutumika mwaka 2004, umeiondoa kwenye kilimo na kuiachia kazi ya kupambana na wadudu waenezao magonjwa kama malaria. Ndiyo maana siridhiki na mafunzo yanayoishia kumpa mtu orodha ya tovuti za kuaminika.

Somo ninalolipenda kuliko yote ni la matuta. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Mwaka 1955 vurugu zikazuka, na mpango ukafa. Kijana mmoja akakata shauri upesi: wazee walikataa maendeleo. Binti aliyekaa nyuma akamjibu, "Bibi anasema matuta yalifukua udongo mwekundu, mahindi yakadumaa."

Tukarudi kwenye maandishi. Udongo wenye rutuba ukiwa mwembamba, kuchimba sana huleta juu tabaka lisilootesha kitu. Lakini leo matuta yanafundishwa tena milimani humu, pamoja na samadi na majani ya kushikilia kingo, na yanasaidia. Kijana akafuta sentensi yake, akaandika: "Matuta yanafaa. Kwa udongo upi? Wenye shamba waliulizwa?"

Bibi wa yule binti amekubali kuja wiki ijayo. Vijana wameshagawana maswali, na wamekubaliana kwamba naye, kwa heshima zote, ataulizwa yale yale: lini, shamba la wapi, uliona mwenyewe au ulisimuliwa?