Antivirusi: Unalipia Nini Hasa?

Faili lenyewe huitwa _readme.txt, na mtu hulikuta akiwa ameshachelewa. Picha za harusi, tasnifu iliyobakiza sura moja, hesabu za duka: kila kitu kipo mahali pake, ila majina ya mafaili yameongezewa herufi za ajabu mwishoni na hakuna hata moja linalofunguka. Ndani ya _readme.txt kuna maelezo mafupi na bei. Dola 980 ili mafaili yafunguliwe. Dola 490 kwa atakayewahi ndani ya saa 72. Hata watekaji wana ofa.

Hivyo ndivyo familia ya virusi iitwayo STOP, au Djvu, ilivyowaliza watu wengi kuanzia mwaka 2018. Wakati wahalifu wengine wakiwinda benki na hospitali, hawa waliwinda kompyuta za nyumbani, na njia yao kubwa ya kuingilia haikuhitaji ujuzi wa kutisha. Walijificha kwenye programu zilizovunjwa leseni, zile za kuifanya Windows au Photoshop ijione imelipiwa. Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft, ikishirikiana na mtaalamu Michael Gillespie, ilitoa bure zana ya kufungua mafaili yaliyotekwa na matoleo 148 ya virusi hivyo. Matoleo yaliyofuata yakabadilisha kufuli.

Programu hizo za magendo huja na maelekezo yake, na aliyewahi kuzitumia anaujua mstari wa kwanza: zima antivirusi kwanza. Mstari huo ukumbukwe kabla ya mjadala wa bure na kulipia kuanza, kwa sababu antivirusi ya shilingi laki moja na ile isiyo na bei zina kitufe kilekile cha kuzimia.

Mjadala wenyewe ni wa kila siku. Mafundi wa Kariakoo na wale wa Luthuli Avenue jijini Nairobi huulizwa karibu kila laptopu inapobadili mmiliki: "Fundi, niwekee antivirusi nzuri. Ya bure itatosha au ninunue?" Jibu la dukani aghalabu hutegemea kilichopo kwenye rafu. Jibu la maabara ni jingine.

Ulaya kuna maabara mbili ambazo kazi yake ni kuzipa programu hizi mitihani mwaka mzima: AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, na AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria. AV-TEST hutoa alama 6 kwa ulinzi, 6 kwa kutoilemea kompyuta, na 6 kwa kutopiga kelele za uongo pale ambapo hakuna mwizi. Jumla ni 18. Microsoft Defender, inayokuja ndani ya Windows bila nyongeza ya malipo, kwa miaka kadhaa sasa imekuwa ikipata 18 au karibu nazo. Kwenye majedwali ya Innsbruck nako, Avast na AVG za bure hukaa bega kwa bega na bidhaa za kulipia, na pengo kati yao kwa kawaida ni dogo mno kuonekana katika maisha ya mtu mmoja na laptopu yake.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Microsoft ilitoa antivirusi yake ya bure, Security Essentials, Septemba 2009, kisha mwaka 2012 ikaanza kuiweka ndani ya Windows 8 kwa jina la Defender. Mwishoni mwa mwaka huohuo AV-TEST iliinyima Security Essentials cheti. Ilikuwa dhaifu kweli. Sifa hiyo mbaya imebaki madukani ingawa programu yenyewe imeshabadilika, na ndiyo maana fundi mwenye umri fulani bado hutikisa kichwa akilisikia jina la Defender.

Mtu anaweza kujiuliza kwa nini kampuni zigawe bure kitu kinachokaribiana hivyo na kile zinachouza. Jibu limo katika namna antivirusi inavyofanya kazi. Zamani kila programu ilikuwa na daftari la alama za virusi vinavyojulikana, ikilinganisha kila faili na daftari hilo. Leo daftari halitoshi, maana virusi vipya hutengenezwa kila siku kwa wingi usioandikika. Kwa hiyo programu hutazama pia mwenendo: faili lililofika dakika mbili zilizopita na tayari linafungia picha mia tatu kwa mpigo halihitaji kuwa daftarini ili lishukiwe. Na pale inapoona shaka, hutuma alama za faili hilo kwenye seva za kampuni kuuliza kama kuna mtu mwingine duniani aliyekutana nalo. Hapo ndipo mtumiaji wa bure anapokuwa na thamani. Kompyuta yake ni jicho. Kirusi kikionekana mara ya kwanza Mwanza, mteja anayelipia kule Ujerumani anaweza kuepushwa nacho muda mfupi baadaye. Kampuni ikiidhoofisha injini ya toleo la bure inajitoboa macho yenyewe, na ndiyo maana kwa kawaida matoleo yote mawili huendeshwa na injini moja.

Basi fedha inanunua nini? Mara nyingi inanunua vitu vilivyozunguka injini: leseni ya vifaa vitano au kumi, kitunza manenosiri, udhibiti wa kile watoto wanachokifungua, ukuta wa moto, ulinzi wa mafolda dhidi ya watekaji, mtu wa kuongea naye mambo yakiharibika, na VPN. Sehemu kubwa ya orodha hiyo tayari imo ndani ya Windows au inapatikana bila malipo. Ukuta wa moto upo. Udhibiti wa watoto upo kwenye Microsoft Family Safety. Kitunza manenosiri kama Bitwarden kina toleo la bure linalomtosha mtu mmoja. Ulinzi wa mafolda uliingizwa kwenye Windows 10 tangu Oktoba 2017, ila huja umezimwa, na wengi hununua programu ya kuwapa kitu wanachokimiliki bila kujua. VPN nayo, kwa msomaji wa Tanzania, ina jambo lake: Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilitoa agizo kwa watu na kampuni zinazotumia VPN wazitolee taarifa, kwa hiyo kuiwasha kwa sababu tu imekuja ndani ya kifurushi si jambo la kufanya bila kufikiri.

Msaada wa mtu wa kuongea naye ndio pekee usio na mbadala rahisi. Mzee anayeishi peke yake, ambaye watoto wako mbali na kila dirisha linalochomoza kwenye skrini linamtia hofu, ananunua utulivu, na utulivu ni bidhaa halali.

Kuna imani iliyoenea kwamba anayelipia angalau anajinunulia faragha. Mkasa wa Avast unaitia doa. Kampuni hiyo ya Prague, yenye mizizi katika Chekoslovakia ya mwaka 1988, ilikuwa na tanzu iitwayo Jumpshot, na kupitia tanzu hiyo iliuza taarifa za tovuti walizotembelea watumiaji wake. Waandishi wa habari walifichua biashara hiyo Januari 2020, na Jumpshot ikafungwa mwezi huohuo. Februari 2024 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kwamba Avast italipa dola milioni 16.5 na kwamba imepigwa marufuku kuuza taarifa za namna hiyo kwa ajili ya matangazo. Kinachochekesha kwa uchungu ni kilichofuata. Mwaka 2025, wakati wa kugawa fedha hizo, fomu za madai zilipelekwa kwa watu walionunua programu za Avast kati ya 2014 na 2020. Walikuwa wamelipa, na bado walichunguliwa.

Norton nao, mwaka 2021, waliingiza ndani ya Norton 360, bidhaa ya kulipia, zana ya kuchimba sarafu za kidijitali kwa kutumia kompyuta ya mteja, wao wakikata asilimia 15. Mteja ilimbidi akubali kwanza, hilo ni kweli. Lakini aliyenunua mlinzi hakutegemea kualikwa kwenye machimbo. Leo Norton, Avast, AVG na Avira zote ziko chini ya kampuni moja, Gen Digital, kwa hiyo anayehama kutoka moja kwenda nyingine kwa hasira huenda amehama chumba tu, nyumba ni ileile.

Halafu kuna bei ya mwaka wa pili. Bei inayoandikwa kwa herufi kubwa mara nyingi ni ya mwaka wa kwanza, na kadi ya benki iliyoachwa kwenye akaunti hukatwa bei kamili mwaka ukiisha. Malalamiko haya ni ya siku nyingi: mwaka 2009 Symantec, waliokuwa wakimiliki Norton, na McAfee walilipa dola 375,000 kila mmoja baada ya kubanwa na mwanasheria mkuu wa New York kuhusu makato ya namna hiyo. Hapa kijiboksi cha dukani chenye namba ya kukwangua kina faida ambayo muuzaji hata haitaji. Kimenunuliwa kwa fedha taslimu, hakijui kadi ya mtu, na mwaka ukiisha kinanyamaza.

Mazingira ya Afrika Mashariki yana swali lake ambalo majaribio mengi ya Ulaya huligusa pembeni. Maabara huitazama kompyuta iliyounganishwa intaneti muda wote. Kompyuta nyingi za nyumbani huku huunganishwa kwa hotspoti ya simu, dakika chache, kisha bando linafungwa. Wengine huiambia Windows kabisa kwamba mtandao huo ni wa kupimwa, ili isimalize bando, na Windows hutii kwa kuahirisha mapakuzi yake. Sasa turudi kwenye zile seva za kuuliziwa. AV-Comparatives hupima pia uwezo wa programu kutambua virusi bila intaneti, na hapo Defender hushuka waziwazi, kwa kuwa imeegemea sana seva za Microsoft. Avast na AVG hushuka kidogo tu. Kwa laptopu inayokaa siku nne bila mtandao huku ikilishwa flashi za watu, tofauti ya maana iko hapo, na angalia: inazitenganisha programu za bure zenyewe kwa zenyewe.

Flashi hizo zinastahili aya yake. Kila mwenye stationeri ameona folda za mteja zikigeuka njia za mkato. Folda halisi hazijafutwa. Kirusi kimezificha na kuweka mahali pake vibandiko vyenye jina na sura ileile. Mteja akibofya, kirusi kinajiendesha kwanza, kisha kinamfungulia folda yake kwa adabu zote, asigundue kitu. Mwaka 2011 Microsoft ilisambaza sasisho la kuzuia flashi zisijiendeshe zenyewe pindi zinapochomekwa, na ndiyo maana mbinu ikahamia kwenye kumdanganya mtu abofye kwa mkono wake. Mwenye stationeri, anayepokea flashi arobaini kwa siku na kuzirudisha kwa wenyewe, ni miongoni mwa wachache wanaoweza kuhalalisha leseni ya kulipia bila kujieleza sana. Asiye na intaneti ya uhakika anaweza pia kupakua mahali pengine faili la masasisho ya Defender, la zaidi ya megabaiti 100, kutoka tovuti ya Microsoft na kulibeba kwa flashi hiyohiyo, mradi iwe safi.

Jambo moja ambalo fedha hainunui ni sasisho la Windows yenyewe. WannaCry ilipolipuka Mei 12, 2017 na kuzagaa katika nchi zaidi ya 150, ilipenya tundu ambalo Microsoft ilishaliziba tangu Machi 14 ya mwaka huo. Waliopigwa walikuwa na siku 59 za kuweka kiraka. Suala hili limerudi: Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma Oktoba 14, 2025, na laptopu nyingi za mtumba zenye prosesa za kabla ya kizazi cha nane cha Intel hazikubaliwi rasmi na Windows 11. Microsoft imesema daftari la Defender litaendelea kusasishwa kwenye Windows 10 hadi Oktoba 2028, lakini daftari ni kitu kimoja na tundu la ukutani ni kingine. Anayejiandikisha kwa masasisho ya nyongeza ya Windows 10 anapata muda hadi Oktoba 2026. Ukilazimika kuchagua kati ya kununua antivirusi na kukusanya fedha za laptopu mpya kidogo, kusanya.

Wala hakuna antivirusi, ya bure au ya dhahabu, inayozuia ujumbe wa matapeli wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Ujumbe huo hauna kirusi.

Kwa mwenye kompyuta moja ya nyumbani, iliyosasishwa na yenye mtandao wa kawaida, Defender iliyowashwa inatosha, pamoja na diski ya nje yenye nakala za mafaili ambayo haiachwi imechomekwa. Diski hiyo ndiyo ingemwokoa mwenye tasnifu. Na kama aliwahi kusoma maelekezo ya kuzima antivirusi akayafuata, huenda asijue kama aliiwasha tena. Kuna njia ya kujaribu. Wataalamu wa Ulaya walitengeneza mstari wa herufi 68 uitwao EICAR, usio na madhara yoyote, ambao programu za antivirusi hukubaliana kuuchukulia kama kirusi. Unapatikana kwenye tovuti ya eicar.org. Unaubandika kwenye Notepad, unahifadhi faili, unasubiri. Antivirusi iliyo macho italinyakua faili ndani ya sekunde chache na kupiga kelele. Lisiponyakuliwa, fungua Windows Security uone ni nani aliyezima nini, na lini.