Kanisa la Mkunazini, Lililojengwa Juu ya Soko la Watu

Katika miji ya pwani yetu yamo majengo mengi ya ibada ambayo watu huyapita kila siku waendapo sokoni au kazini, na hali kila moja limehifadhi habari za waliolijenga, za mahali liliposimama na za zama zilizolizaa. Miongoni mwa majengo hayo ni machache yanayostahiki kuzuriwa kwa makini kama Kanisa Kuu la Kristo la Waanglikana, lililoko Mkunazini katika Mji Mkongwe wa Unguja. Maana uzuri wake hauwezi kufahamika sawasawa mpaka mzuru ajue kwanza ardhi ile ilitumika kwa kazi gani.

Ardhi hiyo ilikuwa soko la watumwa. Watu waliotekwa bara, wakatembezwa kwa miguu mpaka pwani, wakavushwa bahari katika majahazi, waliletwa hapo wakapangwa safu, wakakaguliwa viungo na kunadiwa mbele ya wanunuzi, mume akitengwa na mkewe na mama na mwanawe. Mwezi wa Juni 1873 Sultani Barghash bin Said, akishurutishwa na Uingereza kupitia kwa balozi wake John Kirk, na kitisho cha manowari za kukizingira kisiwa kikiwa mbele yake, alitia saini mkataba wa kuharamisha usafirishaji wa watumwa baharini na kuyafunga masoko yao. Utumwa wenyewe haukukoma siku ile, kwani amri ya kuuondolea nguvu ya sheria haikutoka mpaka mwaka 1897. Lakini mnada wa hadharani ulikwisha. Wamisionari wa Kianglikana wa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati (UMCA) walikipata kiwanja kile, sehemu kwa kununua na sehemu kwa hiba ya tajiri wa Kihindi aliyeitwa Jairam Senji, na siku ya Krismasi ya mwaka 1873 jiwe la msingi likawekwa.

Kazi ya ujenzi iliongozwa na Edward Steere, aliyefanywa askofu mwaka 1874. Huyu ndiye aliyetunga kitabu cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja kilichotoka mwaka 1870, akakusanya hadithi za wenyeji na kutafsiri Agano Jipya katika lugha yetu; na bidii ileile aliyoitia katika maneno aliitia pia katika mawe na chokaa. Krismasi ya mwaka 1877 ibada ilisaliwa ndani, ingawa kazi ilikuwa bado haijatimia. Steere alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa alilolihangaikia.

Mzuru akisimama nje atakuta kuta za matumbawe, jiwe lilelile lililojenga misikiti, majumba na ngome za pwani tangu karne nyingi. Umbo la kanisa limefuata mila ya makanisa ya Uingereza, lakini katika madirisha na mapambo yake mna athari dhahiri ya sanaa ya Kiislamu, ambayo mafundi wa Unguja walikuwa wameizoea. Akiingia ndani na kuinua macho ataona dari iliyojipinda toka ukuta hadi ukuta, mfano wa pipa lililopasuliwa kwa urefu wake, iliyotengenezwa kwa saruji iliyochanganywa na matumbawe yaliyopondwa, bila boriti za kuikingama. Wakati wa kujengwa kwake wengi walihofia kwamba ingeporomoka juu ya vichwa vya wasalio. Nayo imedumu zaidi ya miaka mia moja na arubaini.

Upande wa mlango wa magharibi zimo nguzo fupi zilizosimamishwa juu chini. Yasemekana kwamba askofu alikuwa safarini zilipowekwa, na waashi, ambao hawakuwahi kujenga nguzo za namna ile, waliziweka kama walivyoona inafaa. Aliporudi hakuamuru zibomolewe. Majina ya waashi hao hayakutiwa katika tarihi kama lilivyotiwa la askofu, na kwa hiyo nguzo zile zatukumbusha kwamba jengo hili ni kazi ya mikono yao pia.

Mbele ya madhabahu kuna duara la marumaru nyeupe lililozungukwa na rangi nyekundu. Kwa mapokeo, hapo ndipo ulipokuwa mti ambao watumwa walifungwa na kuchapwa mijeledi, na wekundu ule ni alama ya damu yao. Karibu yake pana msalaba uliochongwa kwa mbao za mti wa kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo sasa Zambia, ambao chini yake ulizikwa moyo wa mmisionari na mpelelezi David Livingstone mwaka 1873, kabla watumishi wake Chuma na Susi na wenzao hawajaubeba mwili wake mpaka Bagamoyo. Nje ya kanisa, katika shimo lililojengewa, zipo sanamu za watumwa zilizochongwa na Clara Sörnäs na kuwekwa mwaka 1998, nazo zimevishwa minyororo halisi ya zama zile.

Atakaye kulizuru kanisa hili na aende asubuhi, kabla ya jua kali na msongamano wa wageni. Avae mavazi ya heshima, asiingie kati ya ibada kwa ajili ya kutazama tu, na asizipite habari za wakati wa soko kwa haraka ya kutaka kuziona nakshi. Muislamu na Mkristo, mwenyeji wa kisiwa na mtu wa bara, wote wana haki hapo, kwa kuwa waliouzwa walikuwa jamaa zetu, na waliouza na kununua nao waliishi miongoni mwetu. Nawasihi walimu na wazazi wawapeleke vijana wao Mkunazini na kuwaeleza yote mawili, ustadi wa waashi na dhuluma ya soko, bila ya kuficha moja kwa ajili ya jingine. Maana kijana aliyeonyeshwa uzuri peke yake hajafundishwa tarihi ya nchi yake.